Abiria Aliyefunga Mkanda

Kiti kilikuwa na joto.

Fundi Sindano alinyanyuka haraka, akageuka kukitazama. Ilikuwa saa moja asubuhi. Banda lilikuwa limefungwa kwa kufuli tangu jana jioni, sakafu ya saruji ilikuwa baridi ya kuuma nyayo, na spana aliyoishika ilikuwa baridi vilevile. Kiti cha abiria peke yake ndicho kilichokuwa na joto, lile la mtu aliyesimama sasa hivi kumpisha mwenzake.

"Paka huyu," alisema Sindano.

Hapakuwa na paka. Paka wa nyumba ile alikuwa ameacha kuingia bandani tangu siku kiti kilipoletwa, ila Sindano hakuliona hilo kwa sababu alikuwa na hasira, na mwenye hasira haoni paka. Haoni vitu vingi.

Hasira zenyewe, tumtendee haki, zilikuwa na sababu. Gari lilikuwa la marehemu baba yake, gari la zamani la rangi ya maziwa, lenye umri wa kumzidi yeye, na mbele lilikuwa na kiti kimoja kirefu kama benchi la zahanati, springi zote zimekufa. Miezi saba iliyopita mkewe alianguka ngazini akaumia mgongo. Tangu hapo alilala ubavu, alikula amesimama, na kila gari alilopandishwa alishushwa akilia kabla halijafika kona. Na dada wa mkewe, dada wa pekee, alikuwa mgonjwa kitandani upande wa pili wa milima, mwendo wa saa nne. Kila wiki dada huyo alipiga simu na kuuliza jambo lile lile: "Unakuja lini, mdogo wangu? Au unangoja kuja kunizika?"

Sindano aliapa kwamba atamtengenezea mkewe kiti cha kumfikisha. Yeye ni fundi wa viti, jamani. Ameshona viti vya mabasi, viti vya vinyozi, viti vya wakubwa ambao hawakai ofisini. Akishindwa kumkalisha mkewe mwenyewe, hiyo ndiyo ile ya mganga hajigangi, na majirani walikwisha kuanza kuisema kwa sauti.

Akang'oa benchi. Kiti cha kwanza alichoweka mahali pake kilitoka kwenye gari la mizigo. Kilikuwa kirefu, kichwa cha mkewe kikagonga dari. Cha pili kilitoka kwenye kigari kidogo cha mjini. Kilikuwa chembamba, reli zake zikakaa nusu sakafuni na nusu juu ya ile nundu ya katikati, kikawa kinacheza kama jino bovu. Hicho akakihamishia upande wa dereva, akasema atapambana nacho baadaye. Cha tatu ndicho hiki chenye joto. Alikitoa yadi ya vyuma chakavu, kwa mwanamke mmoja mnene wa buti za mpira ambaye kila mtu humwita Mama Vyuma, ndani ya gari jipya jipya lililopondeka pua.

Wang'oaji wa yadi ile wana desturi yao. Kabla ya kutoa kiti chochote hufungua mkanda wake, hukipiga kofi tatu nyepesi, na kusema: "Shuka, tumefika." Sindano aliicheka desturi hiyo miaka yote. Siku ile Mama Vyuma hakuwepo, jua lilikuwa la utosi, na mkanda ulikuwa umefungwa juu ya kiti kitupu. Alibonyeza kifungio. Akabonyeza tena. Akakigonga kwa nyundo, akakitukana, akamtukana na aliyekibuni. Mwishowe alichomoa kisu chake cha kukatia ngozi, akaukata mkanda, akaondoka na kiti huku ule ulimi wa chuma ukiwa bado umeng'atwa ndani ya kifungio, na kipande cha mkanda kinaning'inia, urefu wa shubiri moja. Kofi hakupiga. Maneno alisema mengi, lakini si yale.

Basi asubuhi hiyo ya kiti chenye joto akapiga magoti kufunga bolti. Sakafu ilikuwa na matundu manne na kiti kina miguu minne, na hapo ndipo mapatano yalipokwisha. Bolti tatu ziliingia. Ya nne ilikosea tundu kwa upana wa kidole. Alipolegeza ya kwanza ili ya nne iingie, ya pili ilikataa. Alipoibembeleza ya pili, ya nne iliruka ikapotelea chini ya gari. Aliitafuta kwa tumbo, akaipata, akainuka akagonga kichwa kwenye dashibodi. Alipofumbua macho kiti kilikuwa kimerudi nyuma kwenye reli zake mpaka mwisho, kama kilichorekebishwa kwa mtu mwenye miguu mirefu sana.

Alikivuta mbele. Mkewe ni mfupi. Akaenda kunywa chai, akarudi, kiti kiko nyuma.

"Reli mbovu," alisema, akazitia grisi. Ndipo alipoisikia harufu kwa mara ya kwanza: harufu ya nywele zilizolowa mvua na kukaukia ndani ya chumba kilichofungwa. Mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

Siku ya pili alimwita shemeji yake, kaka wa mkewe, mchomeleaji anayeitwa Cheche. Cheche ni mtu wa maneno mengi na woga haba. Alichomelea vipande vya chuma cha pembe sakafuni ili miguu ya kiti ipate pa kukaa, huku akimtania shemeji yake kwamba gari hili litakuwa na viti vya kabila tatu na vitagombana njiani. Kazi ilipoisha akavua miwani, akaingia akaketi kujaribu.

Aliketi. Halafu akatoka polepole sana, mkono mmoja umeshika mlango, kama mtu anayetoka chumba cha mtoto aliyelala.

"Vipi, kimekaa sawa?" Sindano aliuliza.

"Shemeji." Sauti ya Cheche ilikuwa ndogo. "Njoo nje kidogo."

"Nina kazi. Sema."

"Nimekaa juu ya magoti ya mtu."

"Unasemaje?"

"Magoti, shemeji. Mawili. Nimeyakalia. Na yamesogea kunipa nafasi."

Sindano alimtazama shemeji yake kwa chuki ya kweli. Watu wawili walikuwa wamebaki wa kumsaidia duniani, na mmoja wao sasa anamletea hadithi. Alimwambia kwamba kama amechoka aseme amechoka, mwanaume mzima na ndevu zake. Cheche hakubishana. Alikusanya nyaya zake, akaondoka bila kumuaga dada yake, na asubuhi yake simu yake ilikuwa haipatikani.

Siku ya tatu Sindano aliingia bandani peke yake, amejiandaa kupigana na bolti ya nne. Ilikuwa imekwisha kuingia. Imekazwa mpaka mwisho, sawasawa, kazi ya mtu asiye na papara. Alisimama akaitazama kwa muda. Angepaswa kuogopa, lakini mtu aliyehangaika na bolti moja siku tatu haulizi nani ameikaza. Alimwita mkewe.

Mke alikuja akishika ukuta, hatua kwa hatua, uso umejikunja. "Fundi wangu, nikilia usikasirike."

"Sikasiriki, bibie. Kaa."

Aliketi. Akashusha pumzi. Uso ukafunguka, na Sindano akamwona mkewe wa kabla hajaanguka, yule aliyekuwa akicheka mpaka anashika ukuta kwa sababu nyingine kabisa.

"Hauumi," alisema. "Hauumi! Umeweka nini humu? Ni kama mtu amenishika kiuno kwa mikono miwili."

Sindano alilia. Naandika bila kumficha: aliinama nyuma ya gari, akajifanya anatafuta nati, akalia kwa furaha. Jioni hiyo walimpigia dada simu, wakamwambia wanakuja baada ya siku tano, kiti cha dereva tu ndicho kilichobaki.

Kiti cha dereva nacho kikamwonesha cha mtema kuni. Wakati anakipima na kukikatia chuma, kukiinua, kukishusha, mkewe alizoea kuja kukaa kile kingine. Siku ya kwanza alikaa saa moja. Siku ya pili alikuja baada ya chakula cha mchana akakaa mpaka jua linazama. Siku ya tatu Sindano alipotoka nyumbani na vikombe viwili vya chai alimsikia akizungumza bandani, kwa sauti ya chini ya watu wanaosafiri pamoja na hawataki kuwaamsha wengine.

"Bado?" alikuwa akisema. Kimya. "Na mimi pia nimechoka kungoja." Kimya kirefu zaidi. Halafu akacheka kidogo, kwa adabu, kama unavyochekea mzaha wa mgeni.

"Unaongea na nani?"

Mke aligeuza kichwa taratibu. Nywele zake, ambazo Sindano alizijua kavu asubuhi, zilikuwa zimelowa zimelala shingoni, na kiti kilikuwa kimerudi nyuma mpaka mwisho, miguu yake mifupi haifiki sakafuni, inaning'inia.

"Tunaondoka lini?" aliuliza.

"Kesho kutwa, bibie. Twende ndani, chai inapoa."

"Siwezi kushuka. Hatujafika."

Alidhani anatania. Aliweka vikombe chini, akamshika mkono kumvuta, na mkono ulikuja lakini mwili haukuja, kwa sababu kitu kilikuwa kimemzunguka kiunoni, si mkanda, mkanda wenyewe ulikuwa shubiri moja tu inaning'inia, bali kitu ambacho hakukiona chenyewe ila aliona kilivyobonyeza kitambaa cha gauni lake, vidole kumi virefu vimetulia juu ya tumbo lake kama vya mtu aliyempakata mtoto ndani ya basi, na alipovuta tena vidole vile vilikaza, mkewe akaguna, na harufu ya nywele mbichi ikapanda ikamjaa puani mpaka akasikia ladha yake ulimini.

Alimwachia. Alishika spana. Kama mtu hatoki kitini, basi kiti kitatoka na mtu. Na hapo ndipo Sindano alipopandwa na wazimu hasa, kwa maana bolti zilezile zilizomtesa siku tatu kwa kukataa kuingia sasa zilikataa kutoka, alizing'ang'ania kwa nguvu mpaka spana ikateleza na kumchubua vidole, akazimiminia mafuta, akazigonga kwa nyundo, akazitukania ukoo wao wote wa chuma, akabonyeza kile kifungio kwa kidole gumba na kwa bisibisi na mwisho kwa meno, na kila tusi lilipomtoka alikisikia kifungio kikijibu ndani kwa ndani, *tk*, kama mlango unaoongezewa kufuli, na mkewe juu yake akisema kwa upole, "Usimpigie kelele, fundi wangu, hajazoea."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alikimbia yadi.

Mama Vyuma alikuja na buti zake za mpira na kijiti cha meno mdomoni. Hakubeba chupa wala kitabu. Alisimama mbele ya gari, akanusa, akakitazama kile kipande cha mkanda, akamtazama Sindano.

"Uliukata."

"Ulikataa kufunguka."

"Uliuomba?"

"Mama, nani anaomba mkanda?"

"Sisi. Kila siku. Ulikuwa ukitucheka." Alitema kijiti. "Lile gari liliburutwa mpaka kwangu. Dereva alitoka mzima, akaapa alikuwa peke yake. Nikamuuliza, mbona mkanda wa pembeni umefungwa? Akasema alisimama porini kujisaidia, akaacha mlango wa abiria wazi upate hewa. Aliporudi umefungwa. Akadhani upepo."

"Ni jini?" Sindano alinong'ona.

"Sasa ulidhani nani, shangazi yako? Ni jini msafiri. Hana tabia ya kuua. Ubaya wake hashuki mpaka aambiwe amefika, na akichoka kungoja hushika mtu wa kungoja naye. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ana siku ngapi kwako?"

Sindano alihesabu kichwani, akaona aibu. "Lakini amemtuliza mgongo."

"Ndiyo. Hiyo ni nauli yake. Unataka kuipokea?"

Ndani ya gari mkewe alikuwa amefumba macho, kichwa kimeegemea nyuma, lakini hakikugusa kiti. Kilikuwa kimeegemea hewani, mbele ya kiti kwa upana wa kifua cha mtu.

"Hapana," alisema Sindano. "Mtoe."

"Nimtoe mimi? Mimi ndiye niliyemkatia mkanda? Mfungulie mwenyewe. Na hasira uziache hapa nje, hakuna abiria anayeshuka kwa matusi."

Alijaribu mara ya kwanza, akasema "Shuka!" kama anamfukuza mbuzi. *Tk.* Mara ya pili alisema "Shuka basi, tumefika," lakini taya zilikuwa zimekaza, na kifungio kilimjua. *Tk.* Mkewe alivuta pumzi kwa shida. Mama Vyuma alitazama pembeni.

Mara ya tatu alipiga magoti kwenye saruji. Alichoka. Alichoka na bolti, na reli, na ngazi iliyoteleza, na simu ya kila wiki, na mikono yake mwenyewe ambayo imekalisha watu wote isipokuwa mmoja. Hasira ilimwisha kama gesi inavyoisha jikoni, bila taarifa. Alitoa ile sindano yake iliyopinda ya kushonea viti, akaitumbukiza taratibu pembeni ya ulimi wa chuma, akapiga kofi tatu nyepesi kwenye kiti.

"Mgeni wangu," alisema, "samahani kwa makelele. Umekaa sana. Shuka, tumefika."

Ulimi ukatoka ukaangukia kiganjani mwake, una joto.

Springi za kiti zilihema. Mlango wa abiria ulisukumwa kutoka ndani, ukafunguka wote, na gari zima likainuka upande ule kama linavyoinuka mtu mnene akishuka. Nyayo hawakuziona. Waliona tu vumbi la sakafuni likibonyea, hatua moja, nyingine mbali sana mbele yake, hadi nje kwenye jua. Kisha mke wa Sindano alipiga kelele, na kelele ile haikuwa ya woga. Maumivu ya mgongo yalikuwa yamerudi.

Walimbeba kwa shuka mpaka kitandani. Mama Vyuma alipokuwa anaondoka alisema jambo moja tu: "Mlango wa abiria usiachwe wazi. Majini wasafiri hupita njia zilezile."

Siku iliyofuata Sindano alimaliza kiti cha dereva. Bolti zote nne ziliingia kama siagi, na hakufurahi. Alibadilisha mkanda uliokatwa akaweka mpya. Alikifumua kiti cha abiria, akakiongezea sponji ngumu kiunoni, akakishona, akamwita mkewe. Mkewe alilia kabla hajafunga mlango. Sindano akapunguza sponji. Mkewe akalia tena. Fundi akaweka springi nyingine. Mkewe aling'ata kilemba ili asilie, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Jioni simu iliita. Dada hakuuliza chochote safari hii. Alipumua tu, mwanawe akaichukua simu akasema, "Mama mdogo, njoo upesi."

Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, Sindano alikuwa nyuma ya banda anakata sponji ya tano, akiwa amerudiwa na hasira zake zote na nyingine mpya. Alisikia sauti ya kitasa. Akaja mbele.

Mkewe alikuwa amekaa ndani ya gari. Namna alivyofika pale peke yake, uso wake ulieleza: ulikuwa wa kijivu, jasho linamtiririka. Alikuwa amekisukuma kiti nyuma mpaka mwisho. Mlango wa abiria ulikuwa wazi kabisa, na yeye alikuwa amejisogeza pembeni, kuelekea kiti cha dereva, ameacha nafasi.

"Bibie, funga mlango huo."

"Nafunga sasa hivi." Lakini hakumtazama yeye. Alitazama nje, kwenye jua, akapigapiga kiti kwa kiganja. "Karibu," alisema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Harufu ilifika kwanza. Kisha vumbi la mlangoni likabonyea, gari likalala upande mmoja, springi zikahema. Mlango ulijifunga polepole, kwa adabu. Mikono ya mkewe ilikuwa imelala mapajani, hakuisogeza, lakini mkanda mpya ulijivuta wenyewe kutoka juu ukapita mbele ya kifua chake. *Tk.*

Uso wake ukafunguka.

Sindano alisimama na kisu mkononi. Matusi yote aliyoyajua yalikuwa mdomoni, tayari. Aliyameza, moja baada ya jingine, kwa sababu mkewe alikuwa anapumua vizuri na kwa sababu mwendo ulikuwa wa saa nne. Aliweka kisu juu ya meza, akazunguka, akaketi kwenye kiti cha dereva, akawasha gari la baba yake.

"Kwa dada yako," alisema, macho mbele.

Mkewe aliinamisha kichwa upande, akasikiliza, kama anayemwuliza mwenzake wa safari.

"Kwa dada kwanza," alisema. "Halafu yeye tumpeleke mbele kidogo."

"Mbele wapi?"

Alisikiliza tena. Gari lilikuwa limekwisha kutoka bandani, maji yanadondoka sakafuni upande wa abiria.

"Hajasema."